Honoré de Balzac na Deni la Mapenzi



Huenda ukashangaa kumkuta Honoré de Balzac katika jarida la seminari. Balzac hakuwa mtakatifu. Alipenda wake za watu, alikopa kuliko alivyoweza kulipa, alivaa na kula kwa fedha ambazo hakuwa nazo, na katika miaka ya 1840 riwaya zake ziliingizwa katika Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa na Kanisa. Orodha ile ilikoma kuwa na nguvu ya sheria mwaka 1966, nasi leo tunaweza kumsoma bila hofu. Mimi nasimulia maisha yake kwa sababu moja. Sijakutana na mwandishi mwingine aliyeonyesha wazi namna hii jinsi fedha inavyoingia nyumbani kwa watu, ikaketi mezani kati ya baba na binti, kati ya mume na mke, mpaka wenye nyumba wakasahau kwamba ipo namna nyingine ya kupendana. Balzac aliyajua hayo vizuri kwa kuwa yalimpata yeye mwenyewe.

Mtoto wa ndoa ya mahesabu

Balzac alizaliwa tarehe 20 Mei 1799 katika mji wa Tours, kando ya mto Loire, nchini Ufaransa. Ilikuwa imepita miaka kumi tangu Mapinduzi ya 1789. Mfalme alikuwa ameuawa. Mashamba ya Kanisa na ya makabaila yalikuwa yametaifishwa na kuuzwa, na watu waliojua kununua kwa bei ya chini walikuwa wametajirika haraka. Katika Ufaransa ya zamani mtu aliulizwa amezaliwa katika ukoo gani. Katika Ufaransa mpya aliulizwa ana kiasi gani.

Baba yake, Bernard-François, alikuwa mtoto wa wakulima kutoka kusini, na jina la ukoo wao lilikuwa Balssa. Kwa bidii na ujanja alipanda hadi akawa afisa wa kusimamia chakula cha jeshi. Njiani akaligeuza jina likawa Balzac, na baadaye mwanawe akaongeza kale kaneno “de” kanakoonyesha ukabaila, ingawa hawakuwa makabaila. Mwaka 1797, akiwa na umri wa miaka 50, Bernard-François alimwoa msichana wa miaka 18 kutoka familia ya wafanyabiashara wa Paris. Familia zilikubaliana. Sijui kama kuna aliyemuuliza binti.

Honoré alipozaliwa alipelekwa kwa mama wa kunyonyesha nje ya mji, akakaa huko miaka yake ya kwanza pamoja na dada yake Laure. Alipofika miaka minane akapelekwa bwenini Vendôme, katika shule iliyoendeshwa na waliokuwa watawa wa Oratori, akabaki huko kuanzia mwaka 1807 hadi 1813. Mama yake alikuja kumtazama mara chache sana. Kijana alikuwa mzembe darasani na mara nyingi alifungiwa katika chumba cha adhabu. Humo alisoma kila kitabu alichoweza kukipata, mpaka mwili ukachoka na wakubwa wa shule wakamrudisha kwao.

Kidonda hicho cha utoto hakikupona. Maisha yake yote Balzac alitamani vitu viwili, kupendwa na kuwa mtu mashuhuri. Alivitamani kwa pamoja, kana kwamba kimoja kingeweza kumnunulia kingine.

Karani, mwandishi, mfilisika

Familia ilihamia Paris mwaka 1814. Honoré alisomea sheria na kufanya kazi ya ukarani katika ofisi za wanasheria. Kazi hiyo aliichukia, lakini hakuna shule iliyomfaa zaidi. Kwenye meza yake zilipita hati za wosia, mikataba ya ndoa, kesi za ndugu wanaogombea urithi, madai ya wadai na vilio vya wajane. Akiwa bado kijana alikwisha kuona kwamba nyuma ya machozi mengi ya watu wa mjini kuna karatasi yenye tarakimu.

Mwaka 1819 aliiambia familia yake kwamba hataki kuwa mwanasheria, anataka kuwa mwandishi. Wazazi walimpa muda na posho ndogo, akapanga chumba cha darini katika mtaa wa Lesdiguières. Huko aliandika tamthilia ya mashairi juu ya Cromwell, mtawala wa Uingereza. Familia ikampelekea msomi mmoja aipitie, naye akashauri kijana afanye kazi yoyote nyingine isipokuwa uandishi.

Balzac hakukata tamaa. Aliandika riwaya za haraka haraka kwa majina ya bandia ili apate fedha. Katika miaka hiyo alianza uhusiano na Laure de Berny, mama mwenye mume na watoto, aliyemzidi umri kwa miaka 22. Mwanamke huyo alimfundisha adabu za watu wakubwa, alizisoma kazi zake na kuzisahihisha, tena alimpa fedha. Hatuwezi kuusifu uhusiano huo. Lakini tukitaka kumwelewa mtu huyu tukumbuke kwamba tangu ujana wake mapenzi na mkopo vilitoka katika mkono mmoja.

Mwaka 1825 aliamua kutajirika kwa biashara. Alianza kwa kuchapisha vitabu, mwaka 1826 akanunua kiwanda cha uchapaji, kisha akaongeza karakana ya kutengeneza herufi za chapa. Kila biashara ilipoyumba aliiokoa kwa kuanzisha nyingine kubwa zaidi. Mwaka 1828 vyote vilianguka. Akiwa na miaka 29 alikuwa na deni la karibu faranga 60,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya mama yake mzazi. Mwana ambaye mama hakuwa na nafasi ya kumtembelea bwenini sasa alikuwa mdaiwa wa mama huyo, na hakuwahi kulimaliza deni hilo.

Wakati huohuo nyumba yao ilipata msiba. Dada yake mdogo Laurence alikuwa ameozwa kwa mtu mwenye jina la kikabaila, ambaye alikuwa amejaa madeni. Laurence alifariki mwaka 1825, akiwa na miaka 23 tu, mgonjwa na mwenye huzuni. Familia ilitafuta jina zuri, ikampoteza binti.

Tamaa inayokula maisha

Baada ya kufilisika, Balzac alirudi kwenye kalamu. Mwaka 1829 alitoa kwa jina lake mwenyewe riwaya ya kihistoria, Les Chouans. Mwaka 1831 akatoa La Peau de chagrin, hadithi ya kijana Raphaël, ambaye baada ya kupoteza sarafu yake ya mwisho kwenye kamari anataka kujitosa mtoni. Kabla ya kufanya hivyo anaingia katika duka la vitu vya kale na kupewa ngozi ya ajabu. Ngozi hiyo humtimizia mwenyewe kila analolitaka, lakini kwa kila tamaa inayotimizwa yenyewe hunywea, na siku za mwenye nayo hupungua. Raphaël anapata mali. Kisha anaishi kwa hofu, akikwepa kutamani hata jambo dogo, na mwishoni anakufa kwa kumtamani Pauline, msichana aliyempenda tangu siku za umaskini wake.

Tunaosoma falsafa tunaweza kuiweka hadithi hii karibu na Mtakatifu Thoma wa Akwino. Katika Summa anafundisha kwamba tamaa ya mali ya asili, kama chakula na mavazi, ina kikomo kwa sababu mwili una kikomo. Tamaa ya fedha haina kikomo, maana fedha ni kitu kilichobuniwa na watu na haina kiasi cha kushibisha. Balzac alifika mahali hapo kwa njia nyingine. Yeye hakuthibitisha kwa hoja. Alionyesha mtu anayekufa polepole huku anapata kila alichokiomba.

Miaka miwili baadaye alimwandika Eugénie Grandet. Baba wa msichana huyo ni fundi mapipa wa mji wa Saumur, aliyenunua mali ya Kanisa kwa bei ya kutupa wakati wa Mapinduzi, akawa tajiri mkubwa anayehesabu vipande vya sukari na mishumaa nyumbani kwake. Eugénie anampenda binamu yake Charles aliyefilisika, na anampa sarafu zake zote za dhahabu akaanze maisha. Charles anasafiri ng’ambo na kutajirika, pamoja na mengine, kwa biashara ya watumwa. Moyo wake unakauka huko. Anaporudi anamwacha Eugénie ili aoe jina la kikabaila, asijue kwamba binamu yake ana mali kuliko huyo anayemkimbilia. Sisi watu wa Afrika hatuwezi kupita hapo upesi. Balzac anaeleza kwamba mtu akizoea kumuuza binadamu mwenzake, kuuza ahadi ya ndoa hakumpi tabu tena.

Na kuna kifo cha yule mzee Grandet. Padre anamletea msalaba ili aubusu. Mzee anaona kwamba umepakwa dhahabu, ananyoosha mkono kuunyakua, na nguvu aliyoitumia inakuwa ya mwisho. Nimekwisha kusoma mahubiri mengi juu ya ubahili. Sikumbuki lililonitisha kama mkono ule.

Mzee Goriot na binti zake

Kitabu kilichomfanya Balzac asisahaulike ni Le Père Goriot, yaani Mzee Goriot, kilichoanza kutoka kwa sehemu katika jarida moja la Paris mwezi Desemba 1834. Humo ndimo alimoanza kuwarudisha wahusika wa kitabu kimoja katika kingine, mpaka vitabu vyake vyote vikawa kama mji mmoja wenye wakazi wanaojuana.

Tuko Paris, mwaka 1819, katika nyumba ya wapangaji ya Bi Vauquer, yenye harufu ya chakula kilicholala. Goriot ni mjane. Alikuwa mtengeneza tambi, akatajirika kwa biashara ya unga wakati wa njaa ya Mapinduzi. Ana binti wawili, Anastasie na Delphine, na hana kingine anachokiabudu. Tuelewe kwamba desturi ya huko ilikuwa kinyume cha mahari yetu. Baba wa binti ndiye aliyetoa mali ili binti apate mume. Goriot aligawa karibu kila alichokuwa nacho. Anastasie akaolewa na kabaila, Delphine akaolewa na mwenye benki. Wakwe walimkaribisha mezani wakati bado walidhani ana fedha. Walipoona amekwisha, mlango ukafungwa.

Kila mwaka Goriot anahamia chumba cha bei nafuu zaidi, mpaka anaishia kwenye cha faranga 45 kwa mwezi pamoja na chakula. Usiku anapondaponda vyombo vyake vya fedha ili auze na kulipa madeni ya binti mmoja. Wapangaji wanamcheka, wakidhani anahonga vimada. Wale wanawake wenye hariri wanaopanda ngazi kwa siri ni watoto wake wa kuwazaa, na huja tu wanapokuwa na shida ya fedha.

Katika nyumba hiyohiyo anaishi Eugène de Rastignac, mwanafunzi wa sheria kutoka mashambani. Anataka kuingia katika jamii ya wakubwa kwa njia ya wanawake. Anahitaji koti na glovu, basi anamwandikia mama yake na dada zake barua ya kuomba fedha. Mama anauza vito vyake. Dada wanatoa akiba yao. Kijana anaposoma majibu yao analia. Kisha anamwita mshona nguo.

Ndugu zangu mafrateri, niliposoma sehemu hiyo nilikiweka kitabu chini. Mama yangu aliuza ng’ombe ili nipate kurudi seminari, na fedha iliyobaki baada ya ada niliitumia kununua viatu vya kuonekana navyo. Hakuniuliza kitu. Ninaandika hili ili ieleweke kwamba Rastignac si Mfaransa wa zamani tu.

Katika nyumba hiyo yupo pia Vautrin, mhalifu aliyetoroka gerezani, na yeye ndiye shetani wa hadithi. Anamwonyesha Rastignac njia fupi. Yupo msichana maskini, Victorine, ambaye baba yake tajiri amemkataa. Kaka yake akiuawa katika pambano la silaha, msichana atarithi kila kitu. Rastignac amwoe, naye Vautrin apewe fungu lake. Kijana anakataa, lakini wazo linabaki. Anamuuliza rafiki yake Bianchon, mwanafunzi wa udaktari: kama ungeweza kutajirika kwa kumuua kwa kutaka tu, bila kutoka Paris, mzee mmoja aliyeko China usiyemjua, ungefanya? Bianchon anafanya mzaha kwanza, kisha anaamua kwamba yule Mchina na aishi.

Wanafalsafa wamelijadili swali hilo miaka mingi. Kwangu mimi uzito wake upo hapa: kwamba fedha inaweza kumweka mbali mtu tunayemdhuru, tusimwone uso. Kaka wa Victorine anauawa kweli, ingawa Rastignac hakusema ndiyo. Alichelewa tu kusema hapana kwa sauti ya kutosha.

Halafu Goriot anapatwa na kiharusi. Usiku huo kuna dhifa kubwa ya dansi ambayo mji wote unaizungumzia. Delphine anakwenda kucheza, na Rastignac anafuatana naye. Mzee yuko kitandani akiwaita binti zake. Katika maumivu anaona ukweli wote: laiti angebaki na mali, wangekuwa hapo wakimbusu. Anawalaani, kisha anawasamehe, kisha anawaita tena. Vijana wawili wanaomuuguza, Rastignac na Bianchon, wanainama juu yake, naye anapapasa nywele zao akidhani amewashika binti zake. Anakufa akiwa na furaha ya uongo. Anastasie amefika akiwa amechelewa. Delphine hakufika.

Mazishi yanalipiwa na wanafunzi. Wakwe wanatuma magari yao ya farasi yenye nembo za ukoo, lakini ndani hamna mtu. Makaburini Père-Lachaise, Rastignac hana hata sarafu ya kuwapa wachimba kaburi, inabidi amkope mtumishi. Jioni inaingia. Anatazama taa za Paris chini ya kilima, anatangaza vita dhidi ya mji huo, kisha anashuka kwenda kula chakula cha jioni kwa Delphine. Katika vitabu vilivyofuata atatajirika, atakuwa waziri, na atamwoa binti wa Delphine huyohuyo.

Wengi husoma kitabu hiki kama kisa cha watoto wasio na shukrani. Nadhani Balzac anauliza swali gumu zaidi. Goriot aliwapenda binti zake kweli. Kosa lake lilikuwa nini? Tangu utoto wao aliwalipia kila kitu, na hakuwahi kuwanyima wala kuwaonya. Wakajifunza kwamba kupendwa ni kupewa fedha. Fedha ilipokwisha, kwa hesabu waliyofundishwa, mapenzi pia yalikuwa yamekwisha. Walikuwa wanafunzi wazuri wa baba yao.

Mgeni wa mbali

Mwaka 1832 Balzac alipokea barua kutoka Odessa isiyo na jina la mwandikaji, ila sahihi ya mwanamke mgeni. Mwandikaji alikuwa Ewelina Hańska, Mpolandi Mkatoliki, mke wa tajiri mwenye ardhi kubwa na watwana wengi huko Ukraine, iliyokuwa chini ya Urusi. Walionana kwa mara ya kwanza mwaka 1833 mjini Neuchâtel, Uswisi, mume akiwepo safarini. Wakaandikiana kwa miaka. Mume alifariki Novemba 1841, na Balzac akadhani ndoa iko karibu. Haikuwa karibu. Chini ya sheria za Urusi mjane akiolewa na mgeni aliweza kupoteza mashamba. Alikuwa pia na binti wa kumlinda. Na alijua kwamba mwanaume huyo ana madeni yasiyo na mwisho.

Wakati huo Balzac aliishi kama mfungwa wa kalamu. Alilala jioni, akaamka usiku wa manane, akavaa joho jeupe kama la mtawa, akaandika hadi mchana kwa nguvu ya kahawa. Alisahihisha kazi zake hata zilipokwisha kupangwa kiwandani, mara nyingi sana, na gharama zikala malipo yake. Mwaka 1838 alisafiri hadi Sardinia akitumaini kupata fedha katika mabaki ya migodi ya kale. Alipofika, wengine walikuwa wamemtangulia. Kuanzia 1840 hadi 1847 aliishi Passy, kwa jina lisilo lake, katika nyumba yenye milango miwili, ili wadai wakigonga mbele yeye atoke nyuma. Nyumba hiyo leo ni makumbusho yake.

Katika nyumba hiyo, mwaka 1842, aliandika utangulizi wa kazi zake zote alizozipa jina La Comédie humaine, yaani mchezo wa maisha ya binadamu. Zimefika zaidi ya 90, zenye wahusika zaidi ya elfu mbili. Alisema hapo kwamba anaandika kwa nuru ya kweli mbili, dini na ufalme. Ni ajabu kwamba miongo kadhaa baadaye Friedrich Engels, rafiki wa Karl Marx, alikiri kuwa kwa Balzac amejifunza juu ya uchumi wa Ufaransa kuliko kwa wachumi wa wakati ule wote. Mtetezi wa mfalme akawa mwalimu wa wakomunisti. Yeye alikuwa amesimulia tu alichokiona, hata kilipopingana na alichokipenda.

Mwaka 1846 Hańska alipata mimba, lakini mtoto hakuishi. Balzac alinunua nyumba mtaa wa Fortunée na kuijaza samani, picha na vyombo vya thamani kwa ajili ya ndoa isiyofungwa bado, kwa fedha zake zisizokuwepo na za Hańska zilizokuwepo. Yule aliyemwandika Goriot aliamini kwamba akiweka mazulia ya kutosha, mapenzi yatakuja kukaa.

Ndoa ya miezi mitano

Tarehe 14 Machi 1850, asubuhi, walifunga ndoa katika kanisa la Mtakatifu Barbara huko Berdychiv. Hańska alikuwa amemwachia binti yake mashamba ili apate ruhusa. Bwana harusi alikuwa mgonjwa wa moyo, anahema kwa shida, na macho yanafifia. Safari ya kurudi Paris ilikuwa mateso. Walifika usiku mwezi Mei. Nyumba ilikuwa inawaka taa zote, lakini hakuna aliyefungua mlango, maana mtumishi alikuwa amerukwa na akili. Ikabidi aitwe fundi kufuli. Hivyo ndivyo Balzac alivyoingia na mkewe katika nyumba aliyoiandaa kwa miaka.

Hakutoka humo tena akiwa mzima. Alipokea Mpako Mtakatifu kutoka kwa padre wa parokia yake, na usiku wa tarehe 18 Agosti 1850 akafariki akiwa na miaka 51. Rafiki yake Victor Hugo, mwandishi mkubwa, alikwenda kumwona jioni ile ile. Ibada ya mazishi ilifanyika kanisa la Saint-Philippe-du-Roule, na Hugo akatoa hotuba kaburini. Kaburi lenyewe liko Père-Lachaise, makaburi yaleyale alimomzika Mzee Goriot.

Madeni yalibaki. Mjane alikuwa na haki ya kuukataa urithi wenye hasara, akarudi kwao. Hańska hakufanya hivyo. Aliyalipa madeni ya marehemu, akamtunza mama mkwe hadi alipofariki, na yeye mwenyewe alipofariki mwaka 1882 akazikwa pamoja na mumewe.

Wako wanaosema kwamba Balzac alimpenda kwa sababu ya mali yake, na wengine kwamba Hańska alimpenda kwa sababu ya umaarufu wake. Labda mwanzoni ilikuwa hivyo kwa wote wawili. Mimi natazama mwisho. Mwanamke aliyekawia miaka minane kwa kuogopa madeni hayo alikuja kuyalipa wakati mdaiwa hawezi tena kumpa barua, wala umaarufu, wala shukrani. Fedha ileile iliyomfunga Goriot hapa ilikuwa mtumishi. Tofauti haikuwa katika kiasi. Ilikuwa katika kwamba hapa hakuna kilichokuwa kinanunuliwa.

Balzac hakuliandika tukio hilo. Lilikuja baada ya kalamu yake, kana kwamba limeandikwa kumjibu.

Kwa wazazi wa parokia zetu mnaopeleka fedha kwa watoto mashuleni na mijini, sina ujuzi wa kuwafundisha, maana mimi bado ni mpokeaji. Kwa mafrateri wenzangu nina moja tu. Likizo hii nilipofika nyumbani nilivivua vile viatu, nikamsaidia mama kupalilia mahindi siku nne, tukazungumza mambo ambayo hatukuwahi kuyazungumza. Juu ya ng’ombe hakusema neno. Siku ya kuondoka nilimwomba asinipe nauli, na akaelewa kwa nini.

Tumwombee Honoré de Balzac, na wote waliokufa wakiwa na madeni ya mapenzi, Mungu wa huruma awapokee.